Kupima jinsi mtoto mwenye usonji anavyobandua macho: jaribio la pengo na kulaliana

Mtoto anaangalia kitu katikati ya skrini. Kitu kingine kinatokea pembeni. Inamchukua muda gani kubandua macho pale alipo na kuhamia kule? Mwaka 2004 watafiti Landry na Bryson walionyesha kwamba kitu cha kwanza kisipoondoka, watoto wenye usonji wakati mwingine hubaki wamekikodolea: katika takriban asilimia 20 ya zamu (kila mara jaribio linaporudiwa ni zamu moja) hawakuhama kabisa kwa sekunde zote 8. Mwaka 2013 timu ya Elsabbagh ikaona uzito wa aina hiyo kwa watoto wa miezi 14 ambao baadaye walitambuliwa kuwa na usonji. Si kila maabara iliyorudia jaribio hili iliipata tofauti hiyo, na namna ya kupima ni moja ya mambo yanayoweza kuleta hitilafu.

Shida yenyewe ni hii: kifaa cha kufuatilia macho hakimwoni kila mtoto sawasawa. Mtoto anayejitikisa, anayegeuza kichwa, mwenye makengeza au miwani, hutoa data chafu kuliko mwenzake aliyetulia, na data chafu inajua kuvaa sura ya dalili. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina kazi mbili: kupata data, na kuhakikisha makundi yote mawili, la wenye usonji na la kulinganisha, yameonwa na kifaa kwa ubora unaolingana. Mwongozo unahusu watoto wa miaka 2 hadi 6, na kifaa cha kukaa chini ya skrini, kisichofungwa kichwani.

Kifaa kinaona nini hasa

Kifaa kina taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ambazo mtoto hazimsumbui, na kamera. Taa zinaacha vimulimuli kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Kamera inatafuta vimulimuli hivyo na kitovu cha mboni, kisha inapiga hesabu ya uelekeo wa macho kutokana na umbali kati yao. Chochote kinachoficha mboni, kinachofanana nayo, au kinachoongeza kimulimuli cha bandia, kinaharibu hesabu.

Macho ya kahawia hayana tatizo. Chini ya infraredi rangi ya kahawia inafifia na kuwa kijivu cheupe, mboni ikabaki nyeusi, na mpaka kati yao unasomeka vizuri. Tatizo ni wanja. Pwani watoto wengi wadogo hupakwa wanja, na masizi yake hubaki meusi kwenye infraredi kama mboni yenyewe, hivyo programu inaweza kung'ang'ania ukingo wa kope badala ya jicho. Usingoje hadi mtoto afike. Piga simu siku moja kabla: "Mama, naomba kesho mtoto asipakwe wanja, mashine inaweza kuchanganya wanja na mboni ya jicho." Akifika amepakwa, mama mwenyewe amfute kwa pamba na mafuta kidogo akiwa bado kwenye chumba cha kusubiri, kwani mgeni akimgusa mtoto usoni, kipindi chote kinaweza kuishia hapo.

Miwani usiivue kama mtoto haoni vizuri bila hiyo. Inamisha kifaa kidogo hadi mng'aro wa lenzi utoke juu ya mboni. Mtoto mwenye makengeza, jambo la kawaida kwa watoto wenye sindromu ya Dauni, mpime kwa jicho moja lililo imara na uandike ni lipi. Mwenye nistagmasi, yaani macho yanayochezacheza yenyewe, hafai kwa jaribio hili.

Chumba

Jua ni adui wa kwanza, kwa sababu lina infraredi nyingi kuliko taa zote za kifaa. Ziba madirisha kwa pazia nzito, na usisahau upenyo wa juu ya mlango. Balbu za zamani za waya na halojeni ondoa. Tumia taa za LED zinazowaka wakati wote, kwani mboni hubadilika ukubwa mwanga ukipanda na kushuka, na vifaa vingi husogeza makadirio ya macho mboni ikibadilika. Usifanye kazi gizani kabisa. Pima kwa kipima mwanga mahali kichwa cha mtoto kitakapokuwa, andika namba hiyo, na uirudie kila siku. Kamera ya ulinzi ya kwenye dari, ile yenye vitaa vya kuonea usiku, nayo inamwaga infraredi: izime.

Ukuta wa nyuma ya skrini na pembeni ufunikwe kitambaa cha rangi moja, kijivu au nyeusi. Feni ya kuzunguka juu ya kichwa ni mshindani mkubwa wa skrini kwa mtoto mwenye usonji, na joto la chumba kilichofungwa nalo si la kupuuza, basi pooza chumba kabla hajaingia kisha uizime. Umeme ukatike au usikatike, kompyuta na skrini zipite kwenye UPS (kifaa cha betri ya akiba). Kompyuta ya mkononi ikihamia kwenye betri mara nyingi hujipunguzia kasi, na fremu zikaanza kuruka bila wewe kujua.

Vyumba vya mijini vyenye kiyoyozi si sharti. Mwaka 2017 timu ya Tampere, Ufini, pamoja na wenzao wa Malawi, walichapisha kazi ya kupima watoto wa miezi 9 kijijini Malawi kwa njia hii.

Vipimo vya skrini

Picha hupimwa kwa nyuzi (digrii) za pembe ya jicho. Kanuni: ukubwa = 2 × umbali × tanjiti ya nusu ya pembe. Kwa skrini ya inchi 24 yenye upana wa sm 53 na pikseli 1920, mtoto akiwa sm 60 mbali, uzi mmoja ni karibu sm 1.05, yaani pikseli 38. Kitu cha katikati kiwe cha nyuzi 4 (pikseli 152), cha pembeni nyuzi 3 (pikseli 114), na kitovu cha kile cha pembeni kiwe nyuzi 12 kutoka katikati, yaani pikseli 462 kulia au kushoto (hapa, kwa kuwa ni umbali wa upande mmoja, ni umbali × tanjiti ya pembe nzima). Chini ya nyuzi 8 hivi, kosa dogo la kifaa na kujitikisa kwa mtoto vinaanza kuchanganya hapa na kule.

Skrini ya kawaida huchora fremu 60 kwa sekunde, kila moja milisekunde 16.7. Pengo la milisekunde 200 ni fremu 12 kamili. Usiandike 210, haitatokea. Kuna pia ucheleweshaji kati ya amri ya programu na picha kuonekana. Bandika daiodi ya kuhisi mwanga kwenye kona ya skrini na upime ucheleweshaji huo mara mia moja kabla ya mtoto wa kwanza kufika. Ukiwa ule ule kila mara unautoa kwenye hesabu. Ukiwa unacheza, badilisha skrini au kadi ya michoro.

Kasi ya kifaa: 120 Hz, yaani vipimo 120 kwa sekunde, inatosha kwa jaribio hili, kwani tofauti tunazotafuta ni za makumi ya milisekunde. Kwa 60 Hz inawezekana pia, ila unahitaji zamu nyingi zaidi. Ukitaka kupima kasi ya mruko wenyewe wa jicho, anzia 250 Hz.

Jaribio lenyewe

Kila zamu huanza na kitu cha katikati chenye mwendo na sauti ndogo. Programu isubiri mpaka macho ya mtoto yawe yametua hapo, kisha ihesabu muda wa kubahatisha kati ya milisekunde 500 na 900 kabla ya kuleta cha pembeni. Muda ukiwa ule ule kila zamu, mtoto ataukariri na kuruka kabla ya wakati. Hali ni tatu:

- Msingi: cha katikati kinapotea papo hapo cha pembeni kinapotokea.
- Pengo: cha katikati kinapotea, skrini inakaa tupu milisekunde 200, ndipo cha pembeni kinatokea.
- Kulaliana: cha katikati kinabaki, kimeganda, wakati cha pembeni kipo.

Cha pembeni kikae hadi mtoto akiangalie, au hadi milisekunde 3000. Akikiangalia kimpe zawadi: kikue, kitoe mlio. Zamu 60, yaani 20 kwa kila hali, zilizochanganywa, upande mmoja usijirudie zaidi ya mara tatu mfululizo. Zigawe mafungu matatu ya zamu 20, na katikati ya mafungu weka kipande cha video cha sekunde 10 hadi 15.

Sauti iwe ya chini. Watoto wengi wenye usonji huumizwa na mlio ambao wewe huusikii kuwa mkali. Picha zisiwake na kuzimika zaidi ya mara tatu kwa sekunde, maana kifafa huandamana na usonji mara kwa mara. Muulize mzazi kuhusu kifafa kabla ya kuwasha chochote, na uandike dawa zote. Methilifenideti, inayotumiwa na baadhi ya watoto wenye ADHD (tatizo la umakini na utulivu), hutanua mboni na hubadilisha umakini. Kusitisha dawa kwa ajili ya kipimo ni uamuzi wa daktari wake, kamwe si wako.

Mtoto, mzazi na kiti

Mtoto akae kwenye kiti chake mwenyewe chenye mkanda, au akikataa, kwenye mapaja ya mzazi. Kidevu usikiegemeze popote. Wengi hawataki kuguswa. Macho yawe sm 60 hadi 65 kutoka skrini, usawa wa theluthi ya juu. Kifaa kikae chini, kwani kikiwa juu kope zinafunika mboni.

Mtoto akipakatwa, kifaa kinaweza kudaka macho ya mzazi. Miwani ya jua si dawa ya hakika, nyingi hupitisha infraredi. Mzazi ainamishe uso au ashushe ushungi juu ya macho. Faida ya pili ni kwamba haoni upande picha inapotokea, kwa hiyo hawezi kumgeuza mtoto bila kujijua. Mweleze kabla kwamba asimwonyeshe kwa kidole na asiseme "angalia kule". Nawe mpimaji kaa nyuma ya pazia ukifuata kwa kamera ndogo ya kawaida, na video hiyo uihifadhi, utaihitaji.

Mtumie mzazi picha nne tano za mlango, kiti, skrini na zawadi ya mwisho, siku mbili kabla, amwonyeshe mtoto nyumbani. Idhini ya mzazi ni ya lazima, lakini mtoto naye ana sauti: akigeuza kiti, akilia, akisukuma skrini, amekataa, na kipindi kimekwisha.

Kalibresheni

Hapa ndipo kifaa kinajifunza jicho la mtoto huyu. Tumia nukta 5, kila moja ikiwa mchoro unaocheza unaoanza na ukubwa wa nyuzi 3 na kunywea hadi nusu uzi, ili jicho lishuke mpaka kitovuni. Usibonyeze mara macho yanapofika. Subiri yatulie kama nusu sekunde. Haraka ya mpimaji ndiyo inayoharibu kalibresheni nyingi: mruko wa kwanza mara nyingi hutua kabla ya shabaha, kisha jicho hujirekebisha.

Baada ya kalibresheni fanya uhakiki: onyesha nukta 4 tena, sasa ukipima macho yamekosea kwa nyuzi ngapi. Kwa jaribio hili wastani usiozidi nyuzi 2 unakubalika, kwani katikati na pembeni zimeachana kwa nyuzi 12. Usilibebe kosa hilo kwenye kazi nyingine. Ukitaka kujua mtoto anaangalia macho au mdomo wa uso wenye urefu wa sm 16, umbali kati ya viwili hivyo ni nyuzi 5 tu, na kosa la nyuzi 2 linakupeleka karibu kabisa na mpaka.

Mtoto asiyeweza nukta 5, mpe 2. Ni bora kalibresheni ya nukta 2 iliyohakikiwa kuliko ya 5 iliyolazimishwa. Mwanzo wa kila fungu rudia nukta moja ya katikati. Ikiwa imehama zaidi ya uzi mmoja tangu mwanzo, kalibrisha upya. Andika namba za uhakiki za kila mtoto kwenye faili ya data, zisibaki kwenye daftari lako.

Zamu tatu zinazofanana kwa juu

Tuseme una kifaa cha 120 Hz, sampuli moja (kipimo kimoja cha mahali macho yalipo) kila milisekunde 8.3, na unasoma zamu za kulaliana. Katikati ya skrini ni pikseli 960, cha pembeni kipo 1422. Muda unahesabiwa tangu cha pembeni kitokee.

Zamu ya kwanza: macho yako 960 hadi milisekunde 240. Kisha sampuli zinapotea, hakuna kitu. Kwenye 398 zinarudi, macho yakiwa 1422. Programu nyingi zitaandika kwamba mtoto amefika pembeni kwa milisekunde 398. Ukweli ni kwamba aliondoka wakati wowote kati ya 240 na 398, labda akipepesa. Zamu hii itupe. Ukiiacha, mtoto anayepoteza sampuli nyingi atatoka mzito kwenye jedwali hata kama macho yake ni mepesi kuliko ya wenzake. Wass, Forssman na Leppänen walionyesha mwaka 2014, kwa data za watoto wachanga, kwamba ubora wa data unasogeza muda wa kuitikia na urefu wa mituo, yaani nyakati jicho linapotulia mahali pamoja.

Zamu ya pili: macho yako karibu na 960 milisekunde zote 3000, na sampuli karibu zote zipo. Mtoto amekwama. Hii usiitupe! Watafiti wengi huweka kikomo, kwa mfano milisekunde 1200, na kufuta kila kilichozidi kama kosa. Kwa hiyo wanafuta kile kile walichokuja kukitafuta, na kundi la usonji linabaki na zamu zake nyepesi tu. Hesabu idadi ya zamu zilizokwama kwa kila mtoto kama kipimo cha peke yake, na kwenye uchanganuzi wa muda ziingize kama "zaidi ya 3000", kama wanavyofanya wanaochanganua muda wa kuishi wa wagonjwa.

Zamu ya tatu: macho yako 960 hadi milisekunde 300, kisha hakuna data hadi mwisho. Kwenye jedwali inafanana na ya pili, maana hakufika pembeni. Fungua video: ameinua kichwa, anaangalia dari. Hii ni data iliyokosekana, si kukwama, na haiingii popote isipokuwa kwenye hesabu ya upotevu.

Zamu hizi tatu zitenganishe kwa kanuni iliyoandikwa kabla hujajua mtoto yuko kundi gani. Kanuni inayofanya kazi: tangu milisekunde 100 kabla ya cha pembeni kutokea hadi macho yahame au zamu iishe, mapengo ya sampuli yasizidi milisekunde 75 kila moja, pengo fupi kuliko hapo lijazwe, refu lifute zamu. Mruko ulioanza kabla ya milisekunde 100 ni wa kubahatisha, kwani jicho halijapata muda wa kuona na kupanga safari, nao utoe.

Muda wa kuitikia ni pale jicho *linapoondoka* katikati, si linapofika. Ukitumia kizingiti cha kasi, kama nyuzi 30 kwa sekunde, kagua kwa macho yako zamu kumi za kila mtoto. Data yenye mtetemo huzaa miruko ya uongo, na mtuo mmoja mrefu hukatwa vipande. Kwa data ya aina hiyo algorithimu ya I2MC, njia ya kompyuta ya kutambua mituo, iliyochapishwa mwaka 2017 na kutengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga, huhimili zaidi.

Mtoto mwenye zamu halali chini ya 12 katika hali yoyote asiingie. Kwa waliobaki chukua medieni (namba ya katikati) ya kila hali. Kulaliana kutoa msingi ndicho kipimo cha kubandua macho. Msingi kutoa pengo ni nafuu anayoipata macho yakiachiwa mapema. Kutoa msingi ni muhimu, maana mtoto mwenye miruko ya polepole kwa jumla atakuwa mzito katika hali zote tatu, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kabla ya kulinganisha makundi

Linganisha ubora kwanza. Kwa kila kundi toa namba tatu: asilimia ya sampuli zilizopotea, mtetemo kati ya sampuli na sampuli jicho likiwa limetua, na kosa la uhakiki kwa nyuzi. Kama kundi la usonji limepoteza asilimia 30 na la pili 12, tofauti yoyote ya muda utakayopata ina maelezo mawili. Dawa ni kuchukua data ya watoto waliotulia, kuifutia sampuli kwa kubahatisha hadi ifikie upotevu wa lile kundi jingine, na kupiga hesabu upya. Tofauti ikizaliwa ghafla, kifaa ndicho kilichoongea.

Toa taarifa ya watoto walioshindwa kupimwa. Wale wenye ulemavu mkubwa zaidi ndio wanaoondolewa kwanza, na utafiti unaowasahau unazungumzia sehemu ya jamii hiyo tu.

Kundi la kulinganisha lisiwe watoto wa umri ule ule peke yao. Ongeza watoto waliochelewa kukua lakini hawana usonji, wenye kiwango sawa cha ukuaji. Kwa walio chini ya miaka mitatu, Kilifi Developmental Inventory, iliyotengenezwa Kenya kwa ajili ya miezi 6 hadi 35, husaidia kwa upande wa mwendo na mikono. Lugha na akili zinahitaji chombo kingine.

Mwisho pima uthabiti: gawa zamu witiri na shufwa, piga kipimo cha kila nusu, uone kama vinaafikiana. Kwa kuwa kipimo ni tofauti ya namba mbili, kila moja na makosa yake, uthabiti wa mtoto mmoja mmoja huwa dhaifu hata pale wastani wa kundi unaposimama imara. Nchini Marekani kipo kifaa cha kufuatilia macho kilichoruhusiwa mwanzoni kusaidia utambuzi wa usonji kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, lakini hicho ni chombo kingine, chenye video zake na majaribio yake makubwa, na hata hicho hutumiwa na wataalamu.

Kwa hiyo mzazi akisimama mlangoni na kuuliza, "Mwanangu ameonekanaje?", usimtajie namba na usimwonyeshe grafu. Mwambie: "Mama, amekaa vizuri na ametusaidia sana. Kipimo hiki kinasoma kundi la watoto, hakiwezi kusema lolote kuhusu mmoja peke yake." Kama wewe au yeye mna wasiwasi juu ya ukuaji wa mtoto, mpe hapo hapo karatasi yenye jina la kliniki ya watoto, siku zake na namba ya simu. Ichapishe kabla ya mtoto wa kwanza kufika.